Barua Iliyoanza na Salamu

Kila asubuhi, kabla ofisi ya chifu hapa Garsen haijafunguliwa, karani Bonaya huandika barua moja ya mazoezi, kisha huzikata salamu zote kwa wino mwekundu.

Mwaka 1955 mvua zilikosekana. Ng'ombe wa ukoo wake walihitaji kibali cha kuvuka mto wafikie majani ya Chara, ng'ambo, na afisa wa mifugo alikaa mbali. Bonaya peke yake ndiye aliyejua kuandika. Akaanza, “Naomba kibali.” Mjomba wake, mzee Kotile, akamshika mkono.

“Unaomba kama mbwa aliyeona mfupa? Msalimie mtu kwanza!”

“Mjomba, mzungu hana subira.”

“Basi mfundishe adabu.”

Kwa Waorma, wafugaji wa ukoo huo, ukijuliwa hali hujibu salama kwanza, hata kama umefiwa; shida hufuata. Bonaya akaandika ukurasa mzima: watu salama, ng'ombe salama, malisho salama. Ombi likaangukia nyuma ya karatasi.

Baada ya wiki tatu jibu likaja: afisa amefurahi kusikia kwamba mifugo haina shida. Barua ya pili, yenye ombi mstari wa kwanza, ilileta kibali baada ya siku sita. Lakini ng'ombe walikuwa wamekwisha kulala karibu na kivuko, wasiamke tena. Kotile aliacha kula, akazikwa kabla ya mvua.

Siku hizi barua za Bonaya husifiwa kwa ufupi wake. Nilimwuliza kama anafurahi kwamba amejua kuandika.

“Hapana,” alisema. “Ng'ombe wamekufa.”