Ubao wa Darini Kule Izigo

Hadithi hii inanionyesha mjinga, kwa hiyo anayetaka kucheka aanze mapema. Juzi nilipigiwa simu kwamba fundi seremala wetu wa Kitendaguro amefariki. Amekufa kwa uzee, kifo ambacho kuna wakati tulikuwa tumekisahau kabisa, na kitu cha kwanza kilichonijia kichwani wala haikuwa sala. Ilikuwa fimbo ya pool.

Mnaikumbuka miaka ile ya ugonjwa wa Ukimwi, jinsi mbao zote za Bukoba zilivyokuwa zinaelekea upande mmoja, kwenye majeneza. Mimi nilikuwa kijana niliyemaliza darasa la saba, mdomo mwingi, na meza ya pool ndiyo kwanza imefika kwenye baa yetu. Nikataka fimbo yangu mwenyewe, mpini wake uwe na mawimbi kama ubavu wa paka wa kienyeji. Nilipoingia karakana, fundi alinipima mabega kwa macho kabla sijamaliza shikamoo. Nikamwambia atulie, mimi bado nipo nipo, nataka fimbo ya kuchezea. Akaweka randa chini akaniomba nirudie. Kesho yake alifunga karakana, tukaenda Izigo kutafuta mti. Njiani akanieleza kwamba mawimbi hupatikana pale mti unapogawanyika panda, na wapasuaji wengi hupatupa kwa sababu panasumbua msumeno. Halafu, bila kunitazama, akasema ni muda mrefu hajaagizwa kitu ambacho mwenyewe atakitumia akiwa hai. Hata kitanda cha harusi hakuna.

Tulimkuta mama mmoja mzee, mjane, aliyekuwa na mbao za mvule darini mwa jiko, moshi unazilinda na wadudu. Nikainua macho nikauona. Ubao mmoja, mwisho wake umejikunja mawimbi mpaka unatamani kuulamba. Mimi na mdomo wangu nikamuuliza, "Bibi, ubao mzuri namna hii unauacha unakula moshi, unasubiri nini?"

"Nasubiri zamu yangu," akasema. "Wanangu walionichangia kuzinunua wametangulia wote. Nikifa, nani atahangaika kunitafutia mbao?"

Nikatamani migomba inifunike. Fundi akavua kofia, akamwomba radhi kwa Kihaya, kisha akanigeukia taratibu. "Twende. Hata huku nimezikuta zilezile za majeneza." Sijawahi kuona mtu akichoka ghafla namna ile.

Tulikuwa tumeshafika mlangoni yule mama alipouliza ni nani aliyefariki. Fundi akamjibu hakuna, huyu kijana anataka fimbo ya kugongea vijipira mezani. Mama akataka aelezwe tena, vijipira vya nini. Akacheka mpaka akashika mbavu.

"Kateni kipande cha huyu mtoto, waitu," akasema, kwa neno la Kihaya la heshima. "Sanduku likiwa fupi, nitakunja miguu."

Fundi akakataa. Mama akamwambia kama hakati, ataazima panga kwa jirani akate mwenyewe, na ataharibu. Ndipo fundi akapanda, akakata ile panda yenye mawimbi tu.

Ile fimbo ilikuwa nzuri kuliko mchezo wangu. Nilifungwa nayo na kila mtu. Wazee husema kazi mbaya si mchezo mwema, na mimi siwabishii, ila miaka ile niliona kazi nzuri inavyoweza kumla aliyeishika. Tulimshukuru fundi kwa kutuzika vizuri, hatukufikiri kwamba naye alihitaji kutengeneza kigoda, mwiko, chochote kitakachochakaa mkononi mwa mtu. Ukiwa na fundi mtaani kwako, usimpelekee misiba tu. Mpelekee na upuuzi wako.

Baada ya mazishi nilimfuata mjane wa fundi kumpa pole, nikajitambulisha kuwa ni yule wa fimbo. Akanishika mkono hakuuachia.

"Miaka ile tulikuwa hatumuulizi leo ametengeneza nini," akasema. "Siku ya fimbo yako alianza kutuambia kabla hajaingia ndani."