Nilivyomfuta Mzee Othieno kwenye memory card, wiki ya kumaliza matanga yake

Wakuu, habari za huko mliko.

Kila nikiona uzi humu wa watu wanakumbuka game za zamani, wanacheka, wanarushiana picha za pedi zilizokatika waya, nataka kuandika halafu naishiwa nguvu. Leo naandika. Sitapunguza kitu, hata pale panaponiaibisha, na pako pengi.

Mimi ni Msamia wa Busia, upande wa Uganda. Kwa miaka mingi nilikuwa na kibanda cha game, hatua chache tu kutoka foleni ya malori yanayosubiri karatasi za forodha yavuke kwenda Kenya.

Kidogo historia, kwa wale waliozaliwa simu iko tayari mfukoni.

Sisi tulianza na kale kamashine ka matofali yanayodondoka, ka betri mbili, kanalia mpaka mama anakatupa nje. Halafu zikaja kaseti za njano. Ukiweka inagoma, unaitoa, unaipuliza kama mtu anawasha jiko la mkaa, unarudisha. Ilikubali, sijui kwa nini, ila ilikubali. Halafu ndiyo ikaja PS, na PS2, na hapo mambo yakabadilika kabisa.

Watu wanasema game ziliharibu vijana. Sibishani. Lakini pale kwangu dereva wa Mombasa alikaa benchi moja na clearing agent wa Tororo na kinyozi wa upande wa Kenya, na wote wanagombana kwa Kiswahili. Kuna jamaa mmoja wa Jinja Kiswahili chake chote alikipata kwangu, kwa kutukanwa na madereva. Mpaka leo anaongea kama mtu anayedai penalti.

Sasa kuna kitu kimoja lazima mkijue ndipo mnielewe.

CD zetu za mpira zilikuwa za Kijapani. Ndizo zilizofika kwanza na hazikuwa zinagoma. Hakuna mtu kibandani aliyejua kusoma hata herufi moja ya pale. Tulikariri vitufe vya pedi. Duara, duara, shuka chini mara mbili, duara, umefika kwenye mechi. Ikitokea karatasi ya maandishi katikati ya skrini, unabonyeza duara, inaondoka. Duara ilikuwa ndiyo "sawa" yetu. Nilibonyeza duara miaka yote hiyo bila kujua ninakubali nini.

Basi. Nilikuwa na rafiki yangu anaitwa Owor, Mjopadhola wa Paya, kule Tororo. Fundi wa mashine, mtu mpole, anacheka kwa mabega. Tulikuwa tunakiendesha kibanda pamoja.

Owor ndiye aligundua kwamba unaweza kubadilisha majina na sura za wachezaji. Akachukua kitimu kimoja cha Ulaya ambacho hakuna mtu aliyewahi kukichagua, akakiita Nyuki wa Paya. Akajaza watu wa kwao. Mwalimu wake wa shule ya msingi, beki wa kushoto. Katekista, kiungo. Mama mmoja muuza chapati wa hapo nje akalalamika kwa nini hayumo, akawekwa namba tisa, na kwa kuwa game haikuwa na wanawake ikabidi acheze na kidevu cha kiume. Alifunga mabao mengi sana yule mama.

Wakuu, watu waliacha timu kubwa. Madereva walikuwa wanatoka kwenye foleni wanauliza, "Hizo nyuki ziko free?" Wengine walikuja na memory card zao, Owor akawanakilia waende nazo.

Sisi card yetu ya Nyuki tuliipaka rangi ya kucha, nyekundu, ya mke wangu. Ile ya kawaida ya kibanda ilipakwa kijani. Kila kibanda kilikuwa na alama zake.

Sasa mama yake Owor.

Baba yake, Mzee Othieno, alikuwa golikipa wa kijiji enzi za ujana wake. Alifariki zamani kidogo, Owor angali mtoto. Picha zake zilikuwa mbili tu, na mwaka mmoja mvua ya mawe ikatoboa paa, zikalowa, zikashikana. Owor alijaribu kuzibandua zikabaki rangi tupu. Kwa hiyo mzee hakuwa na sura popote duniani, isipokuwa kichwani mwa mke wake.

Siku moja ya soko Mama Owor alikuja Busia na gunia lake la wimbi la kuuza, akapitia kibandani kumsalimia mwanawe. Owor akamkalisha kwenye benchi, akafungua ile sehemu ya kutengeneza sura, akamwambia, "Mama, nielekeze baba."

Mimi nilidhani utani. Yule mama hajawahi kugusa hata rimoti.

Lakini alielekeza, ndugu zangu. Kiswahili chake kile cha mpakani: "Hapana. Hii pua ya mzungu. Ongeza. Hapana, nimesema ongeza, si haribu." "Sikio yake ilikuwa natoka nje." "Kichwa rudisha nyuma kidogo." Paji la uso walibishana muda mrefu. Mchana mzima mashine ile haikuingiza hata shilingi, wateja wananuna, na mimi nanuna nao, nisiseme uongo.

Halafu akainuka. Akasogea mbele mpaka karibu na kioo. Akasema, "Ndiyo yeye."

Akamsalimia kwa Kidhopadhola, salamu ya mke kwa mume wake. Kibanda chote kiliweka pedi chini, hata yule wa Jinja.

Toka siku hiyo, kila siku ya soko alipita. Tunaweka Nyuki, anakaa, anamwangalia mumewe golini. Akifungwa anakasirika: "Othieno hakuwa nafungwa kijinga hivi. Cheza vizuri, munamuaibisha."

Kwao, hata miaka mingi baada ya mazishi, ukoo unakusanyika kumaliza matanga. Wanapika pombe ya wimbi, wanakula, wanamwachilia marehemu. Siku ikapangwa, Jumamosi, mwezi wa nane. Mama Owor akawaambia mawifi zake wote kwamba Othieno atakuja. Sisi tukaahidi kupeleka TV, jenereta na mashine mpaka Paya, wajukuu ambao hawakuwahi kumwona babu yao wamwone.

Mimi ndiye niliyeahidi. Kwa mdomo wangu, nimemshika mkono.

Mwezi wa nane ndiyo pia mwezi wa usajili. Kila kibanda kinatafuta msimu mpya, wachezaji wahamishwe kwenye timu zao mpya, la sivyo wateja wanakucheka. Kibanda cha upande wa Kenya kilipata mapema. Wateja wangu wakaanza kuvuka. Wakuu, hiyo iliniuma vibaya, maana mimi sipendi kabisa kushindwa.

Jumatatu ya wiki ya matanga akaja Ouma, jamaa wa upande wa Kenya anayezungusha hizo update za msimu. Ana haraka, boda inamngoja nje inaunguruma. Card yangu ya kijani ilikuwa imekufa wiki hiyo. Owor alikuwa ameshatangulia Paya kukata kuni. Nikachomoa ile nyekundu, nikampa.

Ouma, na hili sitamsingizia, aliniuliza. "Kuna kitu cha maana humu?"

Nikamjibu, "Hapana, ni timu za kijijini tu. Weka."

Haki ya Mungu ndivyo nilivyosema. Nilijua mzee yumo. Nilidhani mpya inakaa pembeni na ya zamani inabaki, na sikutaka kuuliza nikaonekana mshamba mbele ya wateja. Kunakili kwenye card nyingine kungechukua muda wa kunywa kikombe cha chai.

Yakatokea maandishi katikati ya skrini, marefu kuliko kawaida. Kijapani. Ouma alikuwa anageuka kumjibu mtu wa boda.

Nikabonyeza duara.

Wiki nzima wateja walitaka msimu mpya tu, hakuna aliyeuliza Nyuki. Ijumaa naandaa vitu vya safari, nikasema nijaribu. Nyuki wa Paya hawapo. Kile kitimu cha Ulaya kimerudi na wazungu wake. Nikafungua golikipa, nakuta kijana mmoja wa nywele za njano, hata ndevu hana. Nilizima, nikawasha. Nilitoa card, nikaipuliza, mtu mzima mimi, kama kaseti.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo penyewe.

Owor akapiga simu: "Wandera, mnaanza safari saa ngapi?" Nikamwambia mashine imeungua, umeme umerudi na nguvu. Akasema hakuna shida, azima mashine ya jirani, lete card tu. Nikamwambia card nayo imeungua, ilikuwa ndani, na mashine za majirani zimekufa kwa umeme huo huo.

Akasema, "Basi njoo wewe. Nitamwambia Mama."

Nikaenda, na sukari mkononi. Mawifi wote wamekaa mbele, wametandika mkeka pale TV ingewekwa, na mkeka wenyewe hawakuutoa. Mama Owor alinipokea vizuri kabisa. Akaniambia, "Sina hasira, mwana. Machine nakufa kama mtu. Mutaleta siku ingine."

Nikala chakula chao, nikanywa pombe yao, nikarudi Busia. Owor aliporudi kazini nikamwambia hii mashine ni nyingine, nimenunua; card nyekundu nilishaificha kwenye droo, na habari ya mzee hatukuigusa tena.

Baadaye simu zikatumaliza. Kila mtu ana game yake mkononi, anacheza peke yake na watu wasiojulikana. Benchi likabaki na mimi na yule wa Jinja. Mwaka jana nikaamua kufunga. Owor akaja kunisaidia kupanga vitu, na katika droo, chini ya waya, akaokota card yenye rangi ya kucha nyekundu.

Akaitazama. Akaichomeka.

Ikafunguka bila kugoma. Msimu ule wa Ouma, wachezaji wote wako timu zao.

"Hii si iliungua?"

Nikamwambia yote. Ouma, boda, duara, na lile neno la timu za kijijini. Nilitegemea anipige, na ningekubali. Yeye alikaa tu kwenye benchi.

Akasema, "Kufuta si neno, ndugu yangu. Mtu anafuta. Ungeniambia ile Ijumaa kwamba mashine ni nzima, Mama alikuwa na sura yake kichwani. Tungekaa naye mchana mmoja, mzee angekuwepo Jumamosi."

Wakuu, hilo halikuwahi kuniingia akilini. Miaka yote nilikuwa najilaumu kwa duara.

Tulibeba mashine siku ile ile, tukaenda Paya. Tukamwambia ukweli. Mama Owor amezeeka sasa, ila macho anaona na akili iko sawa. Hakunigombeza. Alisema tuwashe.

Owor akaanza. Pua. Sikio. Mama anasema ongeza, anasema hapana rudisha. Pua ikawa kubwa, ikawa ndogo, ikarudi ya mzungu. Ilipofika kwenye paji la uso akamwambia Owor aache.

Akasema pole pole, "Siku ile nilikuwa namwona Othieno wangu. Nyinyi mukamuweka kwa TV, nikazoea huyo wa TV. Sasa nikifunga macho, nakuja ni huyo wa TV tu, yeye nacheza mpira, nakimbia, hasimami nimuone vizuri. Na yule wa nyumbani sijui alienda wapi."

Owor akazima mashine. Mimi nilitoka nje nikajifanya natafuta mtandao.

Somo nililopata naliandika kwa kifupi, maana sina ushujaa wa kumfundisha mtu. Ukiharibu kitu cha mtu, mwambie siku hiyo hiyo, kabla muda haujaharibu sehemu iliyobaki. Na usiite kitu cha mwenzako "cha kijijini tu" kwa sababu wewe una haraka.

Matusi yenu nitayasoma yote, andikeni. Na wenye habari zao za vibanda, pedi na card zilizopotea, mwageni hapa, nitajibu kila mtu.

Lakini sababu hasa ya uzi huu ni hii.

Kuna madereva walinakili Nyuki wa Paya kwa Owor. Wa Mombasa, wa Eldoret, hata wa Kigali. Kama uliwahi kusubiri karatasi Busia na ukaondoka na nyuki kwenye card yako, tafadhali, katafute kwenye droo, kwenye boksi la waya, kwa shemeji uliyemwachia. Iwashe. Golikipa namba moja, jina Othieno, masikio yametoka nje, paji pana.

Ukimkuta, usibonyeze kitu chochote. Mpige picha na simu, akiwa amesimama, uitume hapa.

Mama Owor bado anakuja Busia siku ya soko. Akifika ananisalimia, halafu ananiuliza kama kuna mtu ameandika.