Mstari wa Shingoni

Wanafunzi walimwita Mwalimu Raba, na hawakumsingizia. Mwaka wa sitini, kwenye skuli ya sekondari pale Wete, Turki bin Marhoun ndiye aliyesomesha kuchora, na kazi yake kubwa ilikuwa kufuta. Watoto walishafundwa kwenye chuo cha Kurani kwamba ukichora chenye roho, ukipige mstari shingoni, ama Siku ya Kiama utaambiwa ukitie roho. Kwa hiyo kila akiwataka wachore mtu, huletewa watu thelathini waliokatwa makoromeo. Naye huketi na raba yake, akafuta shingo moja baada ya nyingine na kuwakata maksi mbili mbili.

Hilo tu ndilo lililobaki kumtia hasira. Tangu mkewe Hamdiya afariki kwenye uzazi mwaka uliopita, yeye na kichanga chake, mengine yote yalimpita. Chai ikipoa, aliinywa hivyo hivyo. Akipewa pole hujibu "tumeshapoa", kwa sauti ile ile aliyoitia majina ya darasa. Hakulia mazikoni, hakulia hitimani, na watu walimsema mpaka wakachoka.

Siku ya wazazi, mwalimu mkuu alimtaka atundike na kazi yake mwenyewe moja. Turki alikuwa na picha ya penseli ya Hamdiya akichambua karafuu. Marehemu hakuwahi kupigwa picha ya kamera, kwa hiyo hiyo ndiyo sura yake pekee iliyobaki. Aliitundika kama atundikavyo kanzu, akaenda kupanga viti.

Alasiri akaingia Bi Umkulthum, mama wa marehemu, aliyekuja kwa ajili ya mjukuu wake mwengine aliyesoma pale. Alisimama mbele ya ile picha hata buibui likamteremka begani, asilipandishe.

"Ndiye," alisema. "Hata kidole chake kilichopinda." Kisha akamgeukia mkwewe. "Mwanangu, mpige mstari."

"Nitaiharibu, mama."

"Mie nishamzika mmoja. Sitaki na weye ukaadhibiwe kwa ajili yake."

"Ni karatasi tu, mama."

"Mbona mwenyewe alikupigia? Alinambia. Ulikwenda kusali, akakupigia kwa mkono wake, weye ukarudi ukafuta."

Lilikuwa limemtoka kichwani. Kweli alirudi msikitini siku ile akaukuta mstari, akagomba, akafuta, na Hamdiya akacheka na kurudia karafuu zake. Hamdiya hakupelekwa skuli. Hakuacha barua, hakuacha hata jina lake kwenye karatasi. Katika maisha yake yote alishika penseli mara moja, akapiga mstari mmoja, na mumewe akaufuta. Msiba wa kujitakia hauambiwi pole.

Turki aliitungua picha akaipeleka dirishani, akailaza upande upande kwenye mwanga. Raba ilikuwa imeondoa weusi tu. Hamdiya aliikandamiza penseli kama watu wasioizoea, na alama yake ilibaki imezama shingoni, nyembamba, imekwenda mrama.

Akatoa penseli mfukoni. Rula hakuichukua. Aliufuata ule mstari polepole, ulipopanda akapanda nao, ulipoteleza akateleza nao. Kabla hajafika mwisho tone lilidondoka juu ya karafuu, kisha jengine, na Bi Umkulthum akaivuta karatasi pembeni isije ikarowa.