Gazeti la Kumwamshia Mgonjwa

Juzi nilikaa kwenye benchi la hospitali moja hapa Musoma, nikimsubiri daktari bingwa wa kifafa nimhoji kwa ajili ya safu hii. Alikuwa ndani na mashine yake ya kupima ubongo. Mimi sikutulia, nilisimama, nikakaa, nikasimama tena.

Mama mmoja kutoka Kibara akainuka ghafla. Binti yake mkubwa alikuwa anasinzia pembeni yake.

"Jamani, nakimbia chooni. Tuliambiwa asilale tangu jana, ndipo kipimo kisome vizuri. Akisinzia mumwamshe. Huwaga anaanguka, ila leo hajaanguka."

Kusikia hivyo, watu wakasogea. Benchi lililokuwa limejaa likapata nafasi ya watu watatu. Kichwa cha binti kikaanza kushuka. Tukatazamana, hakuna aliyenyanyua mkono.

Basi nikaliviringisha gazeti langu, nikamgusa begani kwa ncha yake.

"Binti, usilale."

Akashtuka. "Asante, baba."

Akasinzia tena, nikamgusa tena kwa gazeti. Mlango ukafunguliwa. Daktari, mwanamke mfupi mwenye kalamu sikioni, akalitazama gazeti, kisha akanitazama mimi.

"Mzee, mkono wako una shida gani?"

Hakungoja jibu. Akamshika binti kiganja, wakaingia ndani.

Nikalikunjua gazeti ili nipate pa kuficha uso. Likafunguka kwenye safu yangu mwenyewe, pale nilipowaeleza ninyi, kwa ukali kabisa, kwamba kifafa hakiambukizwi kwa kugusana.