Mchwa wa Shamba la Ayeeyo

Mwezi jana nilirudi Rhamu, na nilipopita kando ya mto Daua nikasikia harufu ya jivu lililomwagiwa maji. Nilisimama. Rafiki yangu, harufu hiyo ndiyo utoto wangu.

Ukame ulikuwa umemaliza mbuzi wote wa bibi yangu, Ayeeyo kama tulivyomwita. Badala ya kwenda kulishwa na wanawe, alipanda mivinje kwenye kipande chake cha ardhi karibu na mto, aje auze nguzo. Watu walicheka. Mwanamke wa mifugo, anamwagilia miti isiyotoa maziwa!

Miche ilipofikia kimo changu ikaanza kugeuka manjano. Ayeeyo alibandua udongo mkavu uliopanda juu ya gome. Chini yake mchwa walikuwa wakitembea, weupe, bila haraka. Nilishika mche mmoja, ukakatika mkononi. Ndani mtupu.

Jirani yetu, mfugaji wa ngamia, alikuja akasimama uani. "Eedo, achana nayo," alisema kwa heshima, kama anayezungumza na shangazi yake. "Wallahi, ardhi hii ni ya mchwa tangu zamani."

"Basi waje wanitoe," Ayeeyo akajibu, akachukua jembe.

Tuling'oa miche iliyokufa tukaichoma, tukaokota kila kijiti kilichooza. Nilitwanga majani ya mwarobaini mpaka viganja vikawa vichungu. Tukayaloweka, tukamwagia mashina maji yake, kisha tukayazungushia jivu. Mchwa wakarudi. Ndipo Ayeeyo akakivamia kichuguu chenyewe. Alichimba tangu alfajiri, shuka kaifunga kiunoni, mpaka jirani yule akachoka kutazama, akavua shati akaingia shimoni. Ndiye aliyemtoa malkia, mnene kama kidole gumba. Ayeeyo akawatupia kuku. Tulikunywa chai ya maziwa ya ngamia, mikono ikiwa na udongo bado, na Ayeeyo alicheka mpaka akashika mbavu.

Karibu nusu ya miti ilipona. Ikarefuka, ikawa inavuma upepo ukipita, na Ayeeyo akauza nguzo miaka mingi.

Alipokwisha kuzikwa, mto ulifurika ukalibeba shamba lote. Leo pale ni mchanga mtupu. Binamu yangu aliniambia bibi alijisumbua bure. Nilimkatalia palepale, sauti ikapanda mpaka wapita njia wakageuka. Yule mwanamke alijilisha kwa mikono yake hadi siku ya mwisho. Mto na ubaki na mchanga wake.