Mashine ya Kemuma na Ngurumo za Alasiri

Kemuma anapiga chapa vijitabu vya mazishi hapa Kebirigo, katika chumba kinachopakana na baraza ninapouzia ndizi. Mtu akifa, watu wake wanamletea picha, majina ya watoto na nyimbo. Mimi huwaambia wakae, kwa sababu Kemuma haharakishwi. Hata mimi siharakishwi, ndiyo maana tumekaa jirani miaka hii yote bila kugombana sana.

Kijitabu chake ni kile kile kwa kila marehemu. Herufi ni kubwa, hata mimi nazisoma bila kuazima miwani ya mtu. Mstari mweusi umezunguka ukurasa. Pembeni kuna nafasi ya kutosha kushonea. Tajiri mmoja alimwambia, "Chetu kiwekee maua," akamjibu, "Maua mtaweka kaburini." Akampa kama cha wengine.

Mwaka huu, mvua zikianza, kompyuta yake iliugua. Fundi Cleophas alitoka Keroka akaiosha ndani yote, ikapona, lakini umbo lile la kijitabu ikalisahau. Kemuma akalipanga upya: herufi, mstari, nafasi. Kesho yake imesahau. Akapanga tena, ikasahau tena. Maneno aliyoandika yalikuwemo yote, hata moja halikupotea. Ila akianza ukurasa mpya, unakuja na vijiherufi kama mayai ya chawa, na mstari hakuna.

Jambo hilo lilininyima raha. Kitu kinakumbuka majina ya wafu wote wa kata hii, halafu kinasahau nguo waliyovishwa?

Nikamwuliza, "Kwa nini usichukue kijitabu cha zamani, ufute majina, uandike mapya?"

"Magokoro, nilijaribu mara moja." Ananiita magokoro, yaani nyanya, ingawa hatuna ukoo. "Nikasahau kufuta jina moja. Mzee akazikwa huku mke wa mtu mwingine akisomwa pale kuwa ni wake. Sirudii. Marehemu hawaazimani karatasi."

Nikarudi kwenye ndizi zangu.

Ndipo akaja Persis, mjane wa Obadiah. Obadiah alikuwa mchuma majani chai, na ndugu yake Mathew alikuwa mwenye malori. Mathew alizikwa mwaka jana, na kijitabu chake Kemuma ndiye aliyekitengeneza. Persis alikuwa nacho ndani ya kikapu, kimefungwa kwa leso.

"Nataka cha Obadiah kiwe kama hiki," akasema. "Maisha yake yote alipewa kidogo kuliko huyu. Siku hiyo watu watashika viwili hivi waviangalie. Sitaki hata unywele uzidi."

"Hautazidi," Kemuma akasema, lakini aliniangalia mimi.

Asubuhi iliyofuata alipanga umbo kwa kupima kile cha Mathew na rula. Alasiri mbingu ikanguruma upande wa Manga. Kemuma akahifadhi maneno, akachomoa waya ukutani, akaifunika mashine na kanga, akaenda kukaa mbali nayo. Hayo anayafanya kila siku ya mvua, na hapa kwetu mvua ya ngurumo ni chakula cha kila siku. Simcheki. Kaka yake aliuawa na radi akiwa ameshika kamba ya ng'ombe, na Kemuma alikuwa ameshika mkono wa kaka yake sekunde chache kabla. Mtu kama huyo humwambii angoje.

Kulipokucha, umbo halikuwepo. Mazishi yalikuwa keshokutwa. Akampigia Cleophas simu.

Cleophas alifika jua likiwaka, akabonyeza huku na huku. "Mama, mashine ni nzima. Labda ni wewe unasahau kuseti."

"Nasahau?" Kemuma akasema polepole. "Nimesahau mara ngapi kukulipa?"

Kijana akainama. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kikungu changu cha ndizi. Watu husema naingilia. Naam, naingilia.

"Fundi," nikasema, "hiyo kompyuta inaliweka umbo saa ngapi?"

"Vipi, magokoro?"

"Ng'ombe ana saa ya kula na saa ya kucheua. Hii kitu ukiiambia 'herufi ziwe kubwa', inaandika papo hapo, au inangoja?"

Alitaka kucheka, halafu akaacha. "Maneno inaandika ukibonyeza. Lakini mipangilio ya programu yenyewe inaandika ukiifunga. Pale inapoaga."

"Na akichomoa waya?"

"Nani anachomoa waya?"

"Kila ikinguruma," nikasema, nikimwonyesha Kemuma kwa kidevu. Kemuma aliitazama soketi. Cleophas naye akatazama nje, lakini asubuhi ile mbingu ilikuwa safi, angejuaje?

"Basi haijawahi kuaga," akasema hatimaye. "Inakatwa mdomo wazi. Na ukiikata hivyo, hata ile iliyoandikwa zamani inaweza kuharibika, ianze upya kama mtoto."

"Radi ikija nitachomoa," Kemuma akasema. "Hilo usinifundishe."

"Chomoa. Lakini panga umbo asubuhi, funga programu, ifungue tena ndipo uanze kazi. Umbo litakuwa limeshaandikwa. Na nakala yake tuweke kwa flashi, ikiharibika unairudisha."

Walifanya hivyo mbele yangu. Alasiri ikanguruma kuliko jana, Kemuma akachomoa, akafunika. Usiku ule sikulala vizuri, nilitaka kujua. Asubuhi nilifika kabla yake nikamngojea mlangoni bila kupanga ndizi hata moja.

Akafungua ukurasa mpya. Mstari mweusi ulikuwepo, umezunguka, na herufi zangu kubwa.

Kemuma akaandika juu: Obadiah.

Persis alipokuja alikitoa cha Mathew kwenye leso, akaweka kimoja juu ya kingine mezani, akalinganisha pembe kwa vidole, akapapasa kingo zote kama mtu anayetafuta mwiba. Akavigeuza, akapapasa tena.

"Wamelingana," akasema, akavifunga pamoja.

Flashi Kemuma amenipa niitunze, iko ndani ya mkebe wa mbegu za chinsaga, mboga zetu. Nimeupima mkebe kwa mkono, kabla na baada ya kuitia. Haukuongezeka uzito. Cleophas akirudi nitamwuliza umbo lote lile limekaa wapi.