Nafasi Sita za Treni ya Kigoma

Juzi mtoto wa kaka yangu alinikatia nafasi kwenye treni ya umeme, Dar es Salaam hadi Dodoma, twende kutazama mpira. Alikuwa amejilaza kwenye kochi, simu kifuani, akaniuliza, "Shangazi, unataka dirishani?" Kabla sijajibu vizuri, kazi ilikuwa imekwisha. Ndugu yangu, nilicheka peke yangu jikoni. Maana hata mimi niliwahi kukata nafasi za treni za kwenda kwenye mechi, nikiwa na miaka kumi na moja, na ilituchukua karibu miezi miwili. Tena katika mji usio na reli.

Nilikulia Buyenzi, Bujumbura, miaka ya vita. Baba alikuwa makanika na garaji yake ilikuwa uani kwetu, kwa hiyo utoto wangu wote unanuka oili chafu na ndagala wa kukaanga wa bibi. Asubuhi ilikuwa adhana, kisha nyundo, kisha akina mama wa sambusa wakipita. Siku nyingine ilisikika milio ya bunduki kutoka milimani, na sisi tulijifunza kuisikia bila kuacha kula. Baba alikuwa pia mwenyekiti wa mashabiki wa mtaa. Timu ya taifa ilipopangiwa mechi kubwa Dar es Salaam, aliweka spana chini akasema, "Safari hii mi naenda. Hata kwa miguu."

Kwa miguu hapana. Barabara ya kusini ilikuwa na watu wa kuvizia magari. Lakini boti za Kigoma zilikuwa zimeanza tena, na Kigoma ndiko treni inakoanzia. Bibi alizaliwa Ujiji, na mdogo wake, tuliyemwita babu wa Kigoma, aliishi karibu na stesheni. Ukitaka nafasi ulimwandikia barua, ukampa baharia pale bandarini, babu akaenda kupanga foleni dirishani, halafu ukangoja jibu lije na boti. Barua nilikuwa nikiandika mimi, kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri na wa baba ulikuwa kama njia ya kuku.

Jibu la babu lilikuja limelowa pembeni. Daraja la tatu, alisema, watu wanasimama siku mbili. Amepata chumba kimoja cha daraja la pili, vitanda sita, ila mkata tiketi anataka majina yaje na boti ijayo. Majina hayo hayo ndiyo yangeingia kwenye kibali cha pamoja cha kuvuka mpaka: sita wanatoka, sita wanarudi, na mwenyekiti ndiye wa kujibu.

Jioni ile mwalimu alikuja garajini. Alipanga chumba chetu cha nyuma tangu nyumba yake ya Kinama ilipoungua, na alinifundisha hesabu shuleni. Mtu mpole, shati lake limepigwa pasi kila siku. Mpira hakuujua kabisa.

"Fundi, nakuomba plasi moja kwenye treni," alisema.

Baba alicheka. "We mwalimu? Mupira umeanza kuupenda lini?"

"Siendi kwa mupira." Mimi nilikuwa nyuma ya gari naosha boliti kwenye petroli, sidhani kama aliniona. "Mama ya mutoto wangu alikimbia na mutoto vita ilipoanza, mi niko kazini. Sasa watu wananiambia wako Ulyankulu, kwa wajomba. Treni inapita karibu na kule. Peke yangu kibali sipati. Na nikishuka, fundi, sijui kama nitarudi. Sitaki kukudanganya."

Baba alimvutia kigoda. "Mutoto ana miaka ngapi?"

"Aliondoka na tatu. Sasa ni kama wako."

Mashabiki waliposikia kwamba mwalimu anataka nafasi, ilikuwa kelele. Muuza nyama wa mtaani, shabiki mkubwa kuliko wote, alisema mtu asiyejua hata ofusaidi hawezi kulala kwenye kitanda cha shabiki. Bibi alikuwa mlangoni anachambua mchele. Hakuinua kichwa. Alisema tu, "Mpira unarudi kila mwaka," akaendelea kutoa mawe.

Kesho yake baba aliniita nije na kaye, daftari langu la shule, na biki. Alinitajia majina matano harakaharaka. Halafu akachukua kitambaa, akafuta mikono, kidole kwa kidole, ingawa ilikuwa safi.

"Andika mwalimu."

"Na wewe, Baba?"

"Plasi ni sita. Andika."

Niliandika, na kwa hasira jina la mwalimu wangu lilitoka baya kupita yote niliyowahi kuandika. Kwa siku kadhaa sikumsalimu. Yeye alinisalimu kila asubuhi vilevile.

Siku ya safari tuliwasindikiza bandarini na ngoma. Baba alimvalisha mwalimu jezi aliyojinunulia mwenyewe, ilimpwaya mabegani. Siku ya mechi baba aliweka redio juu ya boneti ya gari la mteja, akasikiliza amesimama mpaka mwisho. Tulifungwa mbili. Akazima redio, akaanza kupanga spana zake kwa ukubwa.

Walirudi watano. Muuza nyama alitueleza kwamba kituoni Kaliua mwalimu alishuka na mfuko wake mmoja, na kwamba yeye mwenyewe alishuka naye, akampa mikate yote na mayai ya kuchemsha ya chumba kizima. "Alikuwa anauliza kila mutu njia ya Ulyankulu," alisema. "Nikamushika mukono mpaka treni ikapiga honi."

Wiki hiyohiyo baba aliitwa ofisi ya uhamiaji kujibu, wakamweka ndani siku mbili. Kila walipomuuliza mtu wa sita yuko wapi, alisema, "Alishuka, treni ikamuacha." Bibi alipeleka chakula asubuhi na jioni, na sufuria zilirudi karibu zimejaa. Siku ya tatu baba aliingia uani, akaoga, akalala chini ya gari akaendelea na kazi. Hapo ndipo hasira yangu ilipobadilika kuwa hofu, kisha kuwa kitu kingine ambacho bado sina jina lake.

Barua ya mwalimu ilifika baada ya miezi minne. Mkewe alikuwa amefariki mwaka wa pili wa ukimbizi. Mtoto yupo. Wiki ya kwanza alijificha jikoni kwa mjomba kila alipomwona mwalimu. Sasa anakaa dawati la mbele katika darasa analofundisha baba yake. Baba aliniambia niisome kwa sauti garajini, mbele ya mashabiki wote. Nilipomaliza, muuza nyama alisema, "Rudilia hapo kwa mutoto." Nilirudia mara tatu.

Leo uani petu pana maduka ya vocha na vipuri vya pikipiki. Bibi na mdogo wake wa Kigoma walishatangulia. Baharia wa kubeba barua hayupo, wala hakuna anayemhitaji. Wale watano sijui waliko, ila mmoja nilisikia yuko Kanada. Kiti cha treni sasa kinapatikana haraka sana, na hakuna anayehitaji kujua nani atakikalia na kwa nini. Zamani mtaa mzima ulijua.

Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza baba kama aliwahi kujuta. "Ile mechi?" alisema. "Si tulifungwa!" Akacheka mpaka akakohoa. Vita vilipokwisha alisema ataenda mwaka ujao, halafu mwaka unaofuata, halafu magoti yakakataa. Alifariki akiwa hajapanda treni hata mara moja.